Zamu ya Mama Mutheu

Alhamisi, saa tisa alasiri. Joto.

Mawingu yamejikusanya juu ya vilima vya Kathiani tangu asubuhi na bado hayajaamua kitu. Cherehani iko mbele yangu, sare tatu za shule zinangoja mikono, na sijashona hata kola moja. Nimekasirika. Nimekasirikia watu wengi, lakini nikiwapanga mmoja mmoja na kuwaondoa wasio na hatia, nabaki peke yangu.

Mnaonisoma hapa mnajua kwamba mwaka huu nilirudi darasani na miaka yangu arobaini na mmoja. Kila Jumamosi nateremka Machakos mjini kusomea diploma ya maendeleo ya jamii, na muhula huu tuna somo la utangulizi wa maadili na falsafa ya vitendo. Nililipenda hilo somo. Nilikuwa nachemsha maharagwe huku nikijiuliza kama tendo huwa jema kwa sababu ya nia au kwa sababu ya matokeo, na maharagwe yanaungua.

Sasa nieleze nilichofanya.

Mimi ni karani wa mwethya yetu, kikundi cha kusaidiana kazi za shamba. Tuko akina mama ishirini na wawili, na kila Jumanne tunakutana na majembe kwenye shamba la mmoja wetu kumchimbia mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo wake unarushwa upande wa juu ili mvua isiondoke na shamba. Jumanne inayofuata tunaenda kwa mwingine. Ukikosa mara tatu bila kutuma mtu wa kushika jembe lako, unapoteza zamu na kurudi nyuma ya foleni. Anayeweka tiki kitabuni kwa waliokuja ni mimi.

Jumanne ijayo ilikuwa zamu ya Mama Mutheu, jirani yangu. Shamba lake liko kwenye mteremko mkali. Mwaka jana mvua ilibeba udongo pamoja na kunde zake mpaka mtoni, akabaki na mawe. Ameingoja zamu hii mwaka mzima.

Mwezi wa nane alikuja kwangu akiwa ameshakosa mara mbili. Mume wake alikuwa amelazwa, na kesho yake ilikuwa Jumanne. Hakuwa na mtu wa kumtuma. "Niandikie tu nimekuja, Mama Kioko," aliniambia. "Nikisema niko hospitali wataniuliza ni ugonjwa gani." Ugonjwa wenyewe alinitajia, na akaniapisha nisiseme. Sitausema hata hapa, na majina yote nimeyabadilisha. Nikamwekea tiki. Usiku huo nililala vizuri tu.

Halafu likaja somo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kurasa nne juu ya kusema ukweli, na mwalimu, kijana mpole mwenye umri wa mdogo wangu wa mwisho, aliirudisha na maandishi mekundu chini: "Hoja nzuri. Mfano wa maisha yako uko wapi?" Jumamosi iliyopita nikamuuliza, kama vile ni habari ya mtu mwingine, karani akidanganya kwa huruma amekosea au hajakosea. Akasema hilo ni swali zuri sana. Akachora safu tatu ubaoni, wajibu, matokeo na tabia njema, akaanza kujaza ya kwanza, saa ikaisha, akafuta ubao.

Juzi Jumanne, baada ya kazi, tukiwa tumekaa kwenye udongo mbichi tunakunywa uji, nilisimama. Nikasema kuna tiki ya Mama Mutheu niliyoiweka mimi, na siku hiyo hakuwepo.

Mwenyekiti wetu, Mama Ndunge, akamgeukia. "Ulikuwa wapi?"

Mama Mutheu aliniangalia kwanza. Kisha akasema, "Nilikuwa na shughuli," akaendelea kunywa uji wake.

Basi. Amekosa mara tatu, zamu imekwenda. Mimi wakanipigia makofi. Mama Ndunge akasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na kwamba makarani kama mimi siku hizi hawapatikani.

Dhambi ilikuwa yangu. Nimeitubu mimi, na adhabu amebeba yeye.

Sikumwonya. Ningeweza kupita kwake Jumatatu, ni hatua mia mbili, lakini niliogopa angenibembeleza nami ningekubali. Na kuna jambo linaloniaibisha kuliko tiki yenyewe. Nikiwa nimesimama pale mbele ya wenzangu, nilikuwa tayari naandika kichwani kazi yangu ya pili. Nilikuwa nimepata mfano.

Ngoja, bado. Aliyekuwa anafuata kwenye foleni baada ya Mama Mutheu ni mimi.

Naapa jambo hilo halikunijia mpaka Mama Ndunge alipotangaza kwamba Jumanne ijayo ni kwa Mama Kioko. Lakini foleni naiandika mimi, kwa hivyo nani ataniamini? Nilimwomba Mama Ndunge nimwachie Mama Mutheu zamu yangu. Akakataa. "Zamu haipeanwi, unajua. Leo mtapeana, kesho mtauziana." Ni kweli, sheria hiyo tuliipitisha wenyewe, na aliyeiandika ni mimi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Leo asubuhi nilichukua jembe nikaenda kwake. Nilianza kuchimba kwenye ukingo wa juu bila kubisha hodi, kama mwizi. Nilikuwa nimefika hatua sita hivi alipotoka na kikombe cha maji. Alinipa, nikanywa, akapokea kikombe.

"Mzee anaendeleaje?" nikamuuliza.

"Anaendelea." Akaangalia mtaro wangu wa hatua sita, akaangalia mteremko wote mpaka chini. "Rudi nyumbani, Mama Kioko. Weka nguvu. Jumanne uko na wageni."

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Kwa hivyo nimekaa hapa na sare za watu. Kazi ya pili inatakiwa Jumamosi na sitaandika habari hii, hata nikipewa sifuri. Kesho alfajiri nitarudi na jembe kwenye ule mtaro. Akinifukuza nitaondoka, na keshokutwa kabla ya kwenda mjini nitajaribu tena.

Lakini Jumanne itafika. Mama Mutheu akikosa tena, anaondolewa kundini kabisa, kwa hivyo hatakosa. Atapanda na jembe lake begani, atachimba mtaro kwenye shamba langu pamoja na wengine, na jioni nitafungua kitabu mbele yake, nimwekee tiki.

Nitaiweka kwa mkono gani?