Klachi ya Mzaramo Mkaidi

Kondo, mtani wangu, mkaidi uliyekubuhu,

Umekufa majani yakianza kuanguka. Nani asiyejua ulichokikwepa? Majani ya kuzoa yalikuwa mbele yako, nyuma yake theluji, na wewe tangu nikujue ukiona kazi inakuja unatafuta pa kulala. Wazaramo bwana! Ngoma ikilia mnakesha, koleo likionekana mnaumwa mgongo. Safari hii ukaumwa moyo, ukaondoka moja kwa moja, na lile trekta lako dogo la bustani ukalitelekeza gereji pamoja na langu ninalolihifadhi kwenu, kana kwamba mimi ni mtumishi wa ukoo wenu.

Nakuandikia kwa sababu sijakutukana ipasavyo. Walinizuia.

Wewe unajua kwamba tangu enzi za mababu Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mmoja akifa mwenzake haendi msibani kulia tu. Anakwenda kumcheka. Anavaa nguo zake, anatembea mwendo wake, anataja uroho wake na uvivu wake mbele ya wafiwa mpaka wafiwa wenyewe wacheke huku machozi yanawatoka. Marehemu asiyetaniwa ameondoka kama mpita njia. Basi nikaja ukumbini siku ya matanga, upande wa wanawake, nimevaa lile koti la kahawia ulilokuwa ukilitundika gereji, nachechemea mguu wa kulia kama wewe, napiga kelele: "Klachi! Nani kaniibia klachi yangu?"

Hakuna aliyecheka. Ukumbi ulijaa watu wa Mombasa na Lamu, Wakongo wachache, na vijana waliozaliwa hapahapa Marekani ambao hata utani wa Simba na Yanga hawaujui. Mama mmoja wa kamati ya mazishi alinishika mkono, akaniambia kwa upole wa kuudhi, "Dada, heshima kidogo, hapa pana msiba." Mwingine akanong'ona, "I think she's drunk." Mimi, mlevi! Nikatolewa nje na koti lako mwilini, nikasimama kwenye maegesho nalia kwa hasira. Mkeo Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga kichwani. Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe kama wewe, alijua vizuri ninachofanya. Neno lake moja lingetosha. Hakuinua hata uso.

Aibu ilipita. Kilichobaki ni woga, na huo nakuambia wewe peke yako. Katika mkoa huu mzima, kuanzia hapa Langley Park ninapopanga mpaka ng'ambo ya mto huko Virginia, mtu wa kunitukana kwa haki alikuwa mmoja, na ndiye kafa. Nikifa mimi watakuja watu wenye adabu. Watasema nilikuwa mtu wa watu. Watasema nilipenda kazi yangu ya kutunza viwanja vya maghorofa, nani anapenda kazi ile? Halafu watakula biriani na kwenda zao. Nitazikwa kama mgeni, Kondo, na kosa ni lako.

Haya, turudi kwenye trekta lako bovu.

Miaka yote tuliyosafisha theluji pamoja kwenye mtaa wenu kule Greenbelt, mimi na langu la haidro lisilo na klachi, wewe na lako la gia, ulinidharau. Uliliita langu kiti cha mgonjwa. Ulisema, "Dereva asiyekanyaga klachi ni abiria." Maneno makubwa kutoka kwa mtu aliyeendesha basi la otomatiki maisha yake yote ya Marekani! Ile klachi uliyokuwa ukijivunia uliiacha Kisarawe kwenye lori la mkaa, na hata lori lenyewe lilikuwa la mjomba wako.

Kusukuma theluji ni kwenda na kurudi, hakuna siri nyingine. Mimi nakanyaga kanyagio moja, nakwenda, nakanyaga upande wa pili, narudi, mwendo wowote ninaoutaka. Wewe ulikuwa unasukuma kidogo, unakanyaga klachi, unasimama, unaitafuta rivasi kama mtu anayetafuta miwani gizani, trekta linaguna, unaachia klachi, linaruka kama beberu, na bamba la kusukumia theluji limeshapitiliza mpaka kwenye maua ya jirani. Halafu unashuka, unalipiga teke gurudumu, unasema theluji ya Marekani haina adabu.

Nikubali moja, maana utani si uongo. Asubuhi za baridi kali langu hulia kama mtoto aliyeamshwa, mafuta yake yamekuwa mazito, na lazima nilisubiri lipate joto. Lako lilikuwa linaondoka papo hapo, na wewe juu yake umenyoosha shingo kama unakwenda kuapishwa. Na halikuwahi kulala kwa fundi. Umesikia? Basi yatosha.

Ulipokufa, mwanao Rashidi akanipigia simu kutoka Annandale. Mama yake hataki kuhama ile nyumba, gereji ipunguzwe, libaki trekta moja la kusafishia njia. Amesoma kwenye simu maoni ya watu wa majimbo yenye theluji ya kweli mpaka akachanganyikiwa. "Auntie, just tell me, manual or hydro? Mom anataka ile ya Dad."

Nikamwambia, "Mama yako goti lake la kushoto limekwisha kwa kunyanyua wagonjwa wa watu, na klachi iko kushoto. Mwachieni langu." Jibu likarudi kwamba trekta la Kondo halitoki, na hilo la Mnyamwezi lisiguswe. Rashidi akasema tumwache, yuko eda, anaomboleza. Kila mtu alikuwa anamwacha. Walimletea wali, wakamsemesha kwa sauti ya wodini, wakatoka kwa kunyata. Mimi mwenyewe, baada ya yale ya ukumbini, nilikuwa napeleka maziwa nayaacha mlangoni. Mtani mzima naogopa kubisha hodi!

Kisha theluji ikaja. Unawajua watu wa huku. Ilipotangazwa tu walikimbilia madukani kumaliza mkate na maziwa, kana kwamba tunazingirwa na jeshi. Iliyoanguka ilikuwa ile yetu ya majimaji, nzito, na juu yake mvua ya barafu. Rashidi alikwama kwake Annandale. Mimi nilimaliza viwanja vya kazini, nikaomba lifti ya gari la kazini mpaka kwako.

Lori la kaunti la kusukuma theluji lilikuwa limeshapita na kuacha ukuta wa theluji mdomoni mwa njia yako, kama kawaida yao. Na katikati ya njia, trekta lako limekaa upande, injini imezimika, na juu yake Mwanaidi. Amevaa buti zako. Kanga imelowa. Ameshika goti kwa mikono miwili, analia bila sauti.

Pole ilinifika mdomoni, Kondo. Nikaitazama ile sura, nikaona pole zimemjaa mpaka kooni. Nikaimeza.

Nikaanza kuchechemea. Nikalizunguka trekta kwa mwendo wako, tumbo mbele, mkono kiunoni, nikalipiga teke gurudumu, nikasema kwa sauti yako, "Si klachi, mke wangu, ni theluji hii haina adabu!" Halafu kwa sauti yangu nikasema tazameni jamani, mume kafa mkaidi, kaacha mbegu nyumbani.

Akanitazama. Nikadhani nimeharibu kila kitu, nikadhani nitafukuzwa mara ya pili na sasa sitarudi tena.

"Mpagazi wewe!" Sauti ilimtoka kutoka chini kabisa. "Babu zako walibeba mizigo ya watu kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani, na wewe umepakiwa garini na bado umechelewa? Sukuma!"

Nikasukuma. Alicheka, kicheko kikamgeuka kilio, kile cha nyumbani, cha kulitaja jina lako kwa nguvu, mpaka jirani Mmarekani akachungulia dirishani na kushusha pazia. Sikumnyamazisha. Nililia naye, nimeegemea trekta lako, nikikuita mvivu, mroho, muuza sura, rafiki yangu.

Tulipochoka nilimkalisha kwenye langu. Nilimwonyesha mara moja tu. Akakanyaga, likaenda, akakanyaga upande wa pili, likarudi. Aliuvunja ule ukuta wa kaunti kidogo kidogo, goti la kushoto limepumzika, na alipofika barabarani akasimama akasema, "Kumbe! Na huyu bwana ananiambia ni kazi ya kiume."

Lako nililiendesha mimi. Ndiyo, mimi. Lilinirusha kama lilivyokuwa likikurusha wewe, na Mwanaidi akanicheka njia nzima. Rashidi ameshaambiwa kwamba gereji haipunguzwi: la haidro ni la mama yake, la gia ni la Mnyamwezi, na asiyependa akasafishe theluji kwa mikono. Umenishinda ukiwa kaburini, na sitakusamehe.

Wakati naondoka alinisindikiza mpaka mlangoni, akanifunga kanga yake shingoni kwa ajili ya baridi, akasema, "Nyamizi, siku ukifa nitakuja na mzigo kichwani. Nitakutukana mpaka hao wa kamati wakimbie." Nilipanda basi la Langley Park, nikasimama mwanzo hadi mwisho, watu wamejaa, viatu vyangu vinavuja, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu ufe.

Lala, Mzaramo. Usingizi ndiyo kazi uliyoiweza. Naahidi kulitunza trekta lako na kulidharau kila theluji ikianguka, na naahidi Mwanaidi hatakaa tena ndani na pole za watu peke yake. Akitangulia yeye, nitamcheka mimi. Nikitangulia mimi, atanicheka yeye. Atakayebaki wa mwisho, shauri yake.

Mpagazi wako,
Nyamizi