Leo Sionji

Mama,

Salamu zikufikie huko uliko, na Mola akupanulie kaburi. Kuna jambo nimekuficha tangu ulipokuwa hai, na sasa tumbo langu halinipi tena nafasi ya kuendelea kulificha.

Kope langu la kulia limeanza kuanguka. Wewe lilianza la kushoto, na Bibi, mama yako, inasemwa alikuwa akiliinua kwa kidole ili amwone anayebisha hodi. Ngazi zetu hapa Kiponda nazipanda kwa vituo. Chakula nacho kimegoma. Nikila mchana, mpaka alfajiri kimekaa palepale, nimevimba, kisha natapika. Nimekwenda kwa daktari yuleyule mzee aliyekutazama wewe, akanambia yaleyale aliyokwambia: jina la ugonjwa hana, dawa hana, ila anaona unapita kwa mama kwenda kwa mwana. Nile vitu laini, kidogo kidogo, mara nyingi. Niache mafuta na vya nyuzinyuzi. Na nisithubutu kukaa na njaa, maana mwili wa namna yetu ukikosa kitu unazimika. Nikamuuliza nani kamwambia habari za Bibi.

Ndiyo, bado niko vilevile. Muuza samaki akiniapia kuwa samaki ni wa leo, nafunua matamvua nitazame mwenyewe. Ulikuwa ukinicheka: "We Mwanaidi, hata malaika mtoa roho akija utamtaka cheti."

Unaukumbuka mwaka ule mchele ulipoadimika. Mjini tulikuwa tunakula muhogo na sembe ya foleni, na tumbo lako halikutaka hata kimoja. Ndipo Bi Mize, mke mwenzako, akajitolea kukupikia uji kila siku na kuuleta mwenyewe kutoka Mkunazini. Baba alikuwa keshakufa, hakuna aliyemlazimisha. Mimi nikajiuliza anataka nini. Na uji wenyewe wa uwanga! Niliposikia neno hilo nywele zilinisimama. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Uwanga wa kuliwa huo, mwanangu, unga wa mizizi, si wa kuchezea makaburini."

Sikucheka. Nilimfuata kwake nikatazame. Nikamkuta anakuna mizizi aliyoletewa na jamaa zake wa Mangapwani, anailoweka, anasubiri unga utuame, anamwaga maji, anatia mengine, anamwaga tena. Nikauliza maji yote hayo ya nini. Akasema, "Usipoyamwaga ni machungu, yanadhuru." Yanadhuru! Nilirudi nyumbani na neno hilo moja tu.

Wewe ulikuwa ukinywa vijiko sita, unapumzika, unasimama ukiegemea dirisha, halafu baadaye vijiko sita vingine. Siku nyingine alikutilia samaki aliyechemshwa na kuchambuliwa miiba, au papai lililopondwa. Hukutapika. Mashavu yalikujaa. Hilo nalo nililishuku, Mama. Nilisema moyoni kuwa anayetaka kukumaliza anakunenepesha kwanza.

Jumatatu moja alipoleta uji nilimsimamisha mlangoni. Nikamwambia, "Bi Mize, uonje wewe kwanza." Alinitazama, akateremsha macho. "Mimi leo sionji, mwanangu." Nikangoja siku tatu, Alhamisi nikamwambia tena. Jibu likawa lilelile: "Leo sionji." Mara mbili zilinitosha. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiupokea uji mlangoni, nikishukuru kwa adabu zote, nikienda uani kuumwaga. Bakuli nililiosha mwenyewe nikalirudisha safi. Wewe nikakupa sembe. Nilikupa na muhogo wa tui, nikakusukumiza umalize, nikidhani nakuokoa. Unajua yaliyofuata. Hazikupita wiki nyingi tukakuzika.

Sasa sikiliza nilichokigundua. Miezi miwili iliyopita nilipita kwa Bi Mize na maandazi. Kusema kweli nilikwenda kuchungulia. Akayapokea, akayafunika, hakula. Ilikuwa Alhamisi. Jumatatu nikapita tena mchana, jiko baridi. Jumanne nikamkuta anatafuna muwa barazani bila wasiwasi. Nikampeleleza wiki tatu, Mama, kama askari. Alhamisi ya mwisho nilikaa naye mpaka Magharibi, na adhana ilipolia akachukua tende moja na maji, akasema bismillahi polepole.

Alikuwa amefunga. Sunna, Jumatatu na Alhamisi, na bila shaka tangu siku zile. Na mtu wa sunna hatangazi, maana akitangaza imekuwa kujionyesha. Mimi nilisikia "sionji". Ile "leo" sikuisikia, na alinitamkia mara mbili.

Alhamisi iliyopita nilishindwa hata kumeza mkate, nikajikokota kwake kuomba uji. Hakuuliza kitu. Alipika, akapoza, akaniletea, kisha akanitazama kope langu kwa muda. Akachukua kijiko. "Ngoja nikuonjee." Alikuwa hakusahau. Nikamshika mkono. "Usionje, Bi Mize. Leo Alhamisi." Akakunja uso. "Nani kakwambia?"

Nikanywa vijiko sita. Tumbo likanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame. Yeye alikaa kando yangu akipanguza bakuli, akasema, "Mamako alikuwa akiupenda huu. Nnashukuru kuwa mpaka siku zake za mwisho hakuukosa."

Nilivaa buibui langu nikatoka.

Yeye hajui, na wewe pia ulikwenda hujui. Siku nilipoanza kuumwaga uliniuliza, "Mwenzangu leo hakuleta?" Nikasema hakuleta. Kesho yake ukauliza tena. Nikasema hakuleta. Siku ya tatu ukasema, "Labda kachoka na mimi," ukageukia ukutani, na tangu hapo hukumtaja tena.

Alileta, Mama. Kila siku alileta, na mvua, na jua. Hakuchoka na wewe.

Unisamehe. Kesho ni Jumatatu. Nakuahidi nitakwenda Mkunazini asubuhi, na nitamwambia yote kabla sijashika bakuli, kwa sababu nikishaonja sitathubutu. Pengine atanifukuza, na hapa mjini sijui mwengine anayeujua uji ule. Naogopa. Lakini nitamwambia, na atakachoamua nitakipokea bila kuuliza kwa nini.

Lala salama, Mama yangu.

Mwanao, Mwanaidi