Bucha na Soseji za Jibini

Jumanne, 26 Februari 2019

Mererid amepiga simu! Binti yangu wa pekee — miaka mitatu kimya. Anakuja Ijumaa, sikukuu ya mtakatifu wetu Dewi, tule chakula cha mchana. Nikataka kusema nitamwekea paja la kondoo. Nikauma ulimi. Hali nyama, na ndicho tulichogombania. Nilimwambia anayekataa nyama yangu amekataa nyumba yangu. Mimi, mwenye bucha hapa mjini Treorci! Sasa nimpikie nini?

Jumatano, 27 Februari

Sijatulia. Nimempimia mteja maini badala ya figo.

Nimeamua: soseji za jibini na liki, kile kitunguu cha majani, zile za marehemu mama. Dada yangu Ceinwen kacheka hadi akashika kaunta. Eti, "Iorwerth, hizo utazijaza kwenye utumbo gani?" Hazina utumbo, najua! Jibini la Caerphilly, liki, chenga za mkate, yai, haradali. Vipimo mama hakuandika.

Alhamisi, 28 Februari

Zimepasukia kikaangoni. Uji mtupu! Liki zilikuwa na maji. Mara ya pili nimezikamua, nikaongeza chenga — zimeshika. Natoka, naingia, nachungulia barabarani kana kwamba anakuja leo.

Ijumaa, 1 Machi

Amekuja. Amekonda. Kanipa mkono tu — haya, sawa. Akala ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akacheka: "Baba, hizi ni za bibi kabisa! Umewezaje?"

Nikainuka kumletea nyingine, machozi yananilengalenga. Ndipo nikaliona kopo kando ya jiko. Mafuta ya nguruwe! Miaka thelathini mkono wangu haujui kuchota mafuta mengine.

Ceinwen, tuliyekuwa naye mezani, naye kaliona. Akanikonyeza: ficha.

Sikuweza. Nimemwambia.

"Umekusudia, baba?"

"Hapana, mwanangu. Mazoea tu. Haki ya Mungu sikufikiri."

Akaweka uma chini taratibu. Akatoka mvuani.

Ceinwen kaniwakia: "Si ungenyamaza, mpumbavu wewe! Nani angejua?"

Yuko garini. Namwona kutoka dirishani, paji la uso kwenye usukani. Robo saa sasa. Injini hajaiwasha.

Nimesugua kikaango mara mbili kwa maji ya moto na sabuni. Soseji mbichi zimebaki nne. Ceinwen, pamoja na kunitukana kote, amekimbilia kwake kuleta mafuta ya alizeti, nizikaange hizo nne kabla Mererid hajaondoka.