Mende wa Manubia

Jumatatu, 7 Julai

Umepotelea wapi, Saluha? Mwezi mzima! Mjukuu wako Abir kahangaika kukufunza herufi uzeeni, halafu daftari unaliacha liote ukungu. Najigombeza mwenyewe: huna haya. Shika kalamu.

Mende. Sita asubuhi hii, wakubwa kama tende, wanapita mlango wa mbele — wageni rasmi! Si wa jikoni hawa, ni wa nje, wa mtaroni. Nimewatandika kandambili. Mmoja kasimama ananitazama. Mpumbavu.

Jumanne, 8 Julai

Nimeziba tundu la maji uani kwa kifurushi cha mchanga. Nimefagia majani ya asumini yaliyorundikana ukutani. Nimepachika mpira chini ya mlango. Wameingia kumi na moja!

Basi wanatoka kwa jirani yangu Manubia, tuliyepakana naye ukuta. Miaka arobaini, kila Ijumaa ananiletea bakuli la kuskusi, nami silirudishi tupu. Lakini leo nimesimama mlangoni pake, uchochoro mzima unasikia: "Safisha mtaro wako, Manubia, wageni wako wamehamia kwangu!"

Akasema mtaro wake ni msafi kuliko ulimi wangu.

Nikamrudishia: "Ndiyo maana mende wako wamenona!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 11 Julai

Bakuli halikuja.

Jumamosi, 12 Julai

Abir kaja, kasimama mlangoni. "Bibi, mkate huu wa tangu lini?"

Mkate mkavu, jamani. Nani hutupa neema ya Mungu jaani? Nautundika nje kwa mfuko, kwenye msumari wa mlango, mzee mfuga kondoo anauchukua awalishe.

"Kondoo wake si walichinjwa wote Idi, Bibi?"

Nikautungua mfuko. Ukapasuka chini. Wallahi, harusi ya mende! Baba, mama, wajukuu, wote wananimwagikia miguuni.

Mimi ndiye niliyewalisha. Mimi! Mlangoni pangu mwenyewe!

Nimewamwagia maji ya moto. Mkate sasa utakaa kwenye kopo lenye kifuniko.

Bakuli la Manubia la Ijumaa ya kabla ya ugomvi nimelijaza tini. Naandika nimekaa kizingitini pake, daftari gotini. Nimebisha mara mbili. Kandambili zake zimekuja hadi nyuma ya mlango, zikasimama.

"Manubia, fungua. Ni yule mende mkubwa kuliko wote."

Nasikia pumzi — anabana kicheko, au analia, sijui.

Ukirudi kwenye daftari hili, Saluha, kabla ya lolote andika kama alifungua. Na kama hakufungua, andika vilevile.