Choo Changu Kisichojaa

Jumatano, Garsen. Joto limetukaanga tangu saa mbili asubuhi, na upepo wa mtoni leo umegoma kabisa. Nimeketi dukani, mteja akiingia namjibu kwa kichwa.

Sina hamu na mtu. Hata nafsi yangu siitaki.

Wiki iliyopita mama alitoka hospitali. Taifodi, mara ya pili mwaka huu. Ikabidi dada mmoja wa afya ya umma aje kupima maji tunayokunywa. Alichota chupa moja kisimani kwa mama akaondoka nayo, na leo asubuhi amerudi na karatasi. Maji yana kinyesi. Amelitamka polepole, kwa adabu, kama mtu anayeleta habari ya msiba.

Akaniuliza choo kilicho karibu ni cha nani. Nikasema changu, cha ploti yangu ya vyumba vinane, upande wa pili wa ukuta. Kina chake je? Hapo ndipo nilipojiaibisha, maana nilijibu kwa majivuno yale yale ya siku zote: futi thelathini, mpaka kwenye maji, mwaka wa sita huu na hakijawahi kujaa.

Dada wa watu akaacha kuandika.

Niseme ukweli, kwa kuwa wanaosoma hapa wengi hawanijui. Huku kwetu choo kikifika maji, mwenye nyumba hupewa pongezi. Fundi Jillo alipoyapata kule chini tulimvuta kwa kamba, tope hadi masikioni, akaniambia nimepata choo cha maisha. Nami nikaamini, tena nikazunguka nikijisifu, nje ya msikiti, kwenye chai, kila mahali. Wenzangu wakiita gari la kunyonya vyoo kutoka Malindi na kulisubiri wiki nzima, mimi nawacheka. Sikuwahi kujiuliza uchafu wa watu ishirini na kitu unakwenda wapi kama shimo halijai. Nilidhani ardhi inaula. Kumbe mama alikuwa anaunywa.

Nimehesabu hatua kutoka chooni hadi kisimani. Ni kumi na tisa.

Nilimuuliza yule dada kama niite gari nalo linyonye. Akasema shimo lililogusa maji ukilinyonya leo, kesho limerudi vilevile. Je, nijenge tangi la saruji? Ni vizuri, akasema, lakini likijaa gari litakwenda kumwaga wapi? Hakunificha. Mji huu hauna bomba la majitaka hata moja, wala bwawa la kuyasafishia. Yanamwagwa huko tambarare wanakolisha ng'ombe Waorma, na mto ukifurika unayazoa yote. Mpango wa mabwawa upo ofisini. Wapimaji wameshakuja mara mbili, wakaacha vigingi vyekundu, na mbuzi wanajikuna navyo.

Na mji unapanuka, hausubiri mtu. Kila nikitoka naona gesti mpya, ploti mpya, na fundi Jillo siku hizi hapatikani kwa kazi nyingi. Wote anawachimbia mpaka kwenye maji. Wengi wao sifa za choo cha namna hiyo walizisikia kwangu.

Kisima kile alikichimba baba kabla sijajenga ploti. Alisema ni sadaka, asizuiwe mtu. Akina mama wa Kiorma wanaouza maziwa husuuza vyombo vyao pale, wapangaji wangu huchota, hata wasafiri wa basi la Lamu hujaza chupa zao. Baba alifariki mwaka uliofuata. Kwa mama, kila ndoo inayotoka mle ni thawabu inayomfikia mumewe kaburini. Akisikia mtu anateka maji, nimemsikia mara nyingi akisema peke yake, "Baba Komora, pokea hiyo." Komora ni mimi.

Baada ya adhuhuri nilikwenda kumwambia. Kwanza nikadanganya, nikasema maji yameingia chumvi. Akacheka, akasema ulimi wake bado mzima. Amekonda mpaka leso inamzunguka mara mbili. Ndipo nikamweleza yote, macho yangu yakiwa kwenye mkeka.

Nilingoja anilaumu, na laiti angenilaumu.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu nichimbe, mama. Miaka sita."

Hakuuliza habari ya ugonjwa wake. Aligeuza uso kuelekea uani, akasema kwa sauti ndogo, "Na baba yako je? Miaka yote hiyo alikuwa akiandikiwa nini?"

Nimekaa nalo swali hilo hadi sasa.

Nimeona nifanye lile ninaloliweza. Kesho asubuhi nitabeba mfuko wa saruji nikazibe kisima cha baba. Choo kitabaki, maana wapangaji wana watoto na hawana pengine pa kwenda.