Disketi ya Shemeji Wycliffe

Jumatatu, 3 Machi 1997
Kurasa tatu leo. Mama anasimulia maisha yake, mimi nachapa. Tumefika pale alipopata chumba cha kwanza mtaa wa Baba Dogo, hapa Nairobi. Tangu apooze, maneno yanamtoka kwa shida. Nikahifadhi kwenye kompyuta, nikanakili kwenye disketi ya akiba, nikaikagua virusi. Kama kawaida.

Alhamisi, 6 Machi
Nimetoka kazini nikamkuta Wycliffe, mdogo wa mume wangu, kwenye kiti changu. Anacheza karata kwenye kompyuta. Mchezo ametoa kwa rafiki, disketi haijakaguliwa. Nikamuuliza. "Shem, mimi nimesomea hizi vitu." Kozi ya wiki mbili mjini. Cheti amekitundika ukutani kwake Komarock, na fremu. Mume wangu ananiambia nisimwaibishe mgeni. Mgeni gani? Anakula hapa kila Jumapili.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi herufi zilianza kuanguka. Moja moja, zikarundikana chini ya skrini kama mchele uliomwagika. Virusi. Mume wangu akamwita mtaalamu wake, Wycliffe. Mtaalamu akapuliza kibodi, akasema ni vumbi.

Nikaenda jikoni kumpikia chai. Niliporudi alikuwa amefuta kompyuta nzima.

"Sasa ni mpya, shem."

Nikatafuta disketi ya akiba. Ameshaifuta pia, juzi, akanakili mchezo wake humo. Niliandika MAMA juu yake kwa wino mwekundu. Hata kusoma hajui.

Mwaka mzima wa masimulizi ya mama. Umekwisha.

Jumapili, 9 Machi
Mume wangu: "Si ni kompyuta tu."

Wycliffe amekuja kula. Amekuja kweli. Nikampakulia disketi kwenye sahani, sukuma wiki kando.

"Hii ni nini, shem?"

"Kula. Si umesomea?"

Ameondoka bila kunawa. Sijutii.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwambia mama. Akasema, "Andika."

Kompyuta sikuiwasha. Nimechukua kalamu.

Mara ya kwanza alianzia safari ya kuja Nairobi. Leo ameanzia nyuma zaidi, kwa mtoto aliyemzika nyumbani kabla sijazaliwa. Sikujua nilikuwa na dada. Aliitwa Esta. Alipenda ndizi mbivu na aliogopa kuku.

Tumeishia hapo. Mama amechoka.