Vita vya Meli kwenye Meza ya Mama

Kolwezi, Manika
Tarehe 11 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Mechack,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko ugenini Anvers? Marie mkeo hajambo, na kile kikohozi cha mwanenu Jémima kimeisha? Sisi tunapumua. Magoti ya mama yanamsumbua na vumbi la kiangazi limeanza, lakini chakula kinapita kooni, tunamshukuru Mungu.

Zile kanuni za mchezo wako mpya wa vita vya baharini zilifika salama, na kama ulivyotuomba, tumezijaribu. Meza ya mama tuliifunika turubai la bluu, ndiyo ikawa bahari. Meli tulizikata kwenye makopo ya samaki. Kaka yako Kazadi alichukua kundi moja la meli pamoja na wachimbaji wenzake, Stany wa timu yao akachukua la pili. Mimi wakanifanya mwamuzi kwa sababu wote wananiogopa, na hawakosei.

Mechack, umetunga mchezo wa kikatili, na ulitupendeza mno! Kete zilianguka, meli zikapasuka. Manowari kubwa ya Kazadi ilipigwa ubavuni, moto ukaingia kwenye ghala la baruti, ikakatika vipande viwili. Wanaume wazima walipiga kelele hadi kuku wa jirani wakaruka ukuta. Ila mizinga yako inafika mbali mno, ipunguze.

Kisha likatokea jambo ambalo wewe huko hukulifikiria. Manowari ile ilipoanza kuzama, pande zote mbili ziliacha kupiga. Unajua desturi ya migodini: shimo likibomoka, kila mtu anatupa gunia lake na kukimbilia kufukua, hata kama aliye chini ni adui yake. Basi adui na rafiki wakageuza meli zao kwenda kuokoa mabaharia ambao hata hatukuwakata kwenye bati. Hakuna aliyewaagiza, na mimi mwamuzi sikuona kosa lolote.

Stany peke yake alitupa kete, akazipiga meli zilizokuwa zinaokoa. Kanuni zako zinaruhusu. Zikazama zote.

Kazadi akasimama. “Batu beko mu mayi, na weye unabapiga?”

“Ni jeu tu, ni muchezo,” Stany akasema. “Règlement ndo inasema vile.”

Unakumbuka kwamba Stany ndiye mkubwa wa timu yao, na ndiye aliyeamuru watu watoke shimoni lilipobomoka mwaka jana, mdogo wetu Mukalay akiwa bado chini. Alisema amekwisha kufa. Hadi leo hatuna kaburi lake. Kazadi alivunja chupa ya bia kwenye ukingo wa meza, akampiga nayo usoni. Akampiga tena. Damu ilitapakaa kwenye turubai, na wanaume wote wale hawakuweza kumtoa. Nilimng'ata mkono, ndipo akaachia.

Jicho la kushoto halikupona, madaktari walilitoa. Stany alikataa kumshitaki Kazadi. Nikadhani ni wema wake, nikampelekea uji hospitalini kumshukuru. Akanishika kitenge, akaniita yaya kama dada yake mkubwa, akaniambia kwa sauti ya chini: “Yaya Blandine, siku ile mi nilimusikiaka Mukalay. Alikuwa anapiga ku jiwe. Niliogopa udongo itatumaliza shiye bote.”

Mdogo wangu, alikuwa hai. Alikuwa anagonga, akitungoja. Nilimtazama Stany kwenye lile jicho lililobaki, vidole vyangu vikawashwa. Uji nilimmwagia kifuani, ungali wa moto, nikatoka.

Jana amenitumia ujumbe kwamba Jumapili baada ya misa atakuja nyumbani kumwambia mama na Kazadi kwa kinywa chake mwenyewe. Nimemjibu aje. Visu na nyundo za nyumba hii nimevificha vyote, na ni mimi peke yangu ninayejua vilipo. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Msalimie Marie, umkumbatie Jémima. Glodie, mke wa Kazadi, anawasalimu. Mama pia anakusalimu sana. Bado hajui lolote. Mungu akufunike huko ugenini, na Jumapili aushike mkono wangu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Blandine